Ruthu Mmoabi na watoto wa Nyarugusu

Kitabu cha Ruthu kina sura nne tu. Ukikisoma kwa sauti, chai haijapoa umekwisha kumaliza. Labda ndiyo maana katika shule ya Jumapili tunakipa siku moja, halafu tunakimbilia Samweli na Daudi. Watoto wa miaka mitano mpaka minane wanakaa kwenye mkeka, tunawaambia: palikuwa na njaa, familia ikahama, baba akafa, vijana wawili wakafa, mkwe mmoja akarudi kwao, mwingine akamfuata mama mkwe, akaolewa na mtu mwema, akazaa. Wimbo, sala, nyumbani.

Hakuna uongo hapo. Lakini kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu wa Kivu waliovuka ziwa wakikimbia vita, na mwaka 2015 wakaja Warundi kwa maelfu. Mtoto aliyezaliwa humu anaisikia hadithi ya Ruthu kwa masikio mengine. Anauliza maswali ambayo kitabu cha mwalimu hakina. “Mwalimu, Ruthu alikuwaka na kadi ya mgao?” Watu wazima wanacheka. Mimi naona ni swali la historia kabisa, na linastahili jibu.

Tuanze na nchi yenyewe. Moabu ilikuwa nyanda za juu mashariki ya Bahari ya Chumvi, sehemu ambayo leo iko ndani ya Yordani. Haikuwa mbali. Ukisimama kwenye vilima vya Bethlehemu siku hewa ikiwa safi, unaiona milima ya Moabu ng'ambo ya maji. Sisi hatuhitaji picha ya kuelewa hilo. Aliyefika Kigoma mjini asubuhi baada ya mvua ameiona milima ya Kongo imesimama ng'ambo ya Tanganyika, karibu kama vile unaweza kuigusa. Kwenda ni jambo jingine.

Na lugha? Mwaka 1868 huko Dhibani, mji wa zamani wa Wamoabi, lilionekana jiwe kubwa jeusi lenye maandishi ya mfalme wao Mesha, yule anayetajwa katika Wafalme wa Pili sura ya 3. Jiwe lilivunjwavunjwa katika ugomvi wa nani alichukue, lakini kabla ya hapo mtu alikuwa amekwisha kulikandamizia karatasi mbichi na kupata nakala ya maandishi. Vipande vikaunganishwa, na leo liko Paris, katika makumbusho ya Louvre. Ndani yake Mesha anajisifu kwamba mungu wake Kemoshi amempa ushindi juu ya Israeli. Kinachonivutia mimi si majivuno yake, wafalme wote ndivyo walivyo. Ni kwamba lugha ya jiwe hilo iko karibu sana na Kiebrania. Mwebrania na Mmoabi walielewana kama Muha wa Kasulu anavyoelewana na Mrundi sokoni: unacheka kidogo lafudhi ya mwenzako, biashara inaendelea. Kwa hiyo Ruthu hakuonekana mgeni kwa sababu ya kukosa lugha. Alikuwa mgeni kwa sababu watu walikuwa na kumbukumbu.

Kumbukumbu hiyo imeandikwa. Kumbukumbu la Torati sura ya 23 inakataza Mmoabi asiingie katika kusanyiko, hata kizazi cha kumi. Sababu inayotajwa kwanza ni hii: Waisraeli walipokuwa njiani kutoka Misri, Wamoabi na Waamoni hawakuwalaki na chakula na maji. Hebu fikiri. Watu wako barabarani, wana kiu, na jirani anakaa ndani. Jambo kama hilo halisahauliki, sisi tunajua ni nani aliyetufungulia mlango na ni nani aliyezima taa. Halafu miaka inapita, njaa inaingia Bethlehemu, mji ambao jina lake maana yake ni nyumba ya mkate, na Elimeleki anachukua mke na watoto anakwenda kutafuta chakula wapi? Moabu. Wakakaa huko karibu miaka kumi, wakala huko, wakaoa huko, wakazika huko. Walioambiwa hawatoi mkate ndio waliowalisha. Mwandishi wa kitabu hasemi neno juu ya hilo, anaacha tu lionekane.

Sasa tuje kwa Orpa, maana hapa nina ugomvi na namna tunavyofundisha. Katika masomo mengi ya watoto Orpa ndiye mbaya: alirudi nyuma, hakuwa na imani, msiwe kama Orpa. Rudini kwenye sura ya kwanza msome. Naomi mwenyewe ndiye aliyewaambia warudi, wote wawili, akawabariki na kuwashukuru kwa wema waliomtendea yeye na marehemu. Orpa alilia, akambusu mama mkwe, akatii. Kitabu hakimlaumu hata kwa neno moja. Lawama tumeziongeza sisi.

Na kwetu lawama hizo zina uzito. Mwaka 2005 safari za kuwarudisha Wakongo kwa meli kutoka Kigoma mpaka Baraka zilianza. Mwaka 2017 zikaanza zile za kuwarudisha Warundi. Hakuna mkeka wa shule ya Jumapili usio na mtoto mwenye dada, shangazi au mama mdogo aliyejiandikisha kurudi. Wengine wamepelekwa Marekani. Wengine tupo. Ukimwambia mtoto wa miaka sita kwamba aliyerudi kwao ameikana imani, unamhukumia shangazi yake mbele ya watoto wenzake. Nimesikia swali kutoka kwa mdogo mmoja, ambalo sijalisoma katika kitabu chochote cha ufafanuzi: “Sasa Orpa yeye alifikaka?” Biblia haisemi kama alifika. Tukaomba kwa ajili ya walio njiani, nadhani lilikuwa jibu la kutosha kwa siku ile.

Turudi kwenye kadi ya mgao. Kulikuwa na kitu. Sheria ya Walawi sura ya 19 inamwamuru mwenye shamba asivune mpaka pembeni kabisa, wala asirudi kuokota yaliyoanguka. Hayo ni ya maskini na mgeni. Ndiyo masazo ambayo Ruthu alikwenda kuyaokota. Tofauti na mgao wetu ni kwamba hakuna aliyekupimia: unainama mwenyewe, jua kali, nyuma ya wavunaji. Jioni alipopura alipata kama efa moja ya shayiri, ambayo ni kama debe moja hivi au zaidi kidogo. Kwa siku moja ni nyingi, kwa sababu Boazi aliwaambia vijana wake wamwachie masuke makusudi. Shayiri watoto hawaijui, mimi nawamwagia punje za mahindi chini ya mkeka waokote, na hapo hakuna anayesinzia.

Kuna jambo jingine katika sura ya 2 ambalo walimu wengi wanaliruka. Boazi anawakataza vijana wasimguse. Naomi naye anamwambia abaki na wasichana wa Boazi, asije akapatwa na mabaya katika shamba la mtu mwingine. Hao wazee wawili wanajua mwanamke mgeni akiwa peke yake shambani yuko hatarini. Mama zetu wanaokwenda kuni na vibarua wanajua vilevile. Simwelezi mtoto mdogo kila kitu, lakini nawaambia wasichana kwamba Naomi alisema: usiende peke yako. Hayo pia ni Neno.

Halafu jina. Angalia jinsi anavyoitwa: Ruthu Mmoabi, tena na tena. Msimamizi wa wavunaji akiulizwa huyu ni nani, anajibu kwa kabila kwanza. Hata langoni, mbele ya wazee, siku Boazi anapotangaza kumwoa, bado ni Mmoabi. Yule ndugu wa karibu aliyekataa kumkomboa hana jina kabisa, Kiebrania kinamwita *peloni almoni*, na hilo *peloni* ni ndugu wa neno letu fulani, tulilolipata kwa Waarabu. Aliyeogopa kuharibu urithi wake kwa ajili ya mgeni amebaki Fulani mpaka leo. Nacheka kila nikifika hapo.

Wataalamu hawakubaliani kitabu kiliandikwa lini. Wengine wanasema wakati wa wafalme, wengine wanasema baada ya watu kurudi kutoka Babeli. Kama ni hao wa pili, basi kiliandikwa katika siku ngumu. Ezra sura ya 10 inasimulia jinsi wanaume walivyotakiwa kuwaacha wake wa kigeni, na watoto wao pia. Nehemia sura ya 13 inasema aliwakuta watoto wanaochanganya lugha, nusu Kiashdodi, hawajui vizuri lugha ya Yuda, akawapiga baadhi ya baba zao na kuwang'oa nywele. Watoto wanaochanganya lugha! Wetu wanazungumza Kibembe na bibi, Kifaransa darasani, Kiswahili cha Kongo nyumbani na cha Tanzania sokoni, yote katika sentensi moja. Nehemia angemaliza nywele za kambi nzima. Na katika siku kama hizo, labda, mtu akaketi akaandika kwa upole kwamba Obedi, babu wa mfalme Daudi, mama yake alikuwa Mmoabi.

Obedi alizaliwa Bethlehemu na hakuna aliyemuuliza karatasi. Majirani wanawake ndio waliompa jina. Huku kwetu mambo huchukua muda mrefu zaidi: Warundi waliokimbia mwaka 1972 wakawekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, walipewa uraia wa Tanzania mwaka 2014, wapatao 162,000. Wengi wao walikuwa wamezaliwa hapa hapa.

Kipande cha mwisho hakimo katika kitabu cha Ruthu, kiko Samweli wa Kwanza sura ya 22. Daudi anawindwa na Sauli, analala mapangoni, na anaogopa kwa ajili ya wazazi wake. Anawachukua, anavuka nao mpaka kwa mfalme wa Moabu, anaomba wakae huko mpaka ajue Mungu atamtendea nini. Baba yake, Yese, alikuwa mjukuu wa Ruthu. Mzee alipelekwa ukimbizini kwa wajomba wa baba yake. Sehemu hiyo naifundisha Jumapili ya pili, kwa sababu ile ya kwanza muda huisha Orpa akiwa bado barabarani.