Gunia la Ndengu: Safari ya Mombasa, Novemba 1997

Katika miaka 50 ya kwaya yetu tumesafiri sana, na kurasa zilizotangulia zimetaja mashindano, vikombe na kanda tulizorekodi. Ukurasa huu ni wa chakula cha jioni kimoja tu, kilichopikwa kando ya barabara ya Mombasa. Vijana huuliza kwa nini kila tunapoalikwa mbali tunabeba magunia mawili ya nafaka badala ya moja. Jibu liko katika safari hiyo. Wengi wetu tulioko kwayani leo tulikuwa watoto wakati ule. Haya tumesimuliwa na wazee waliokuwapo, na tukisema "sisi" tunamaanisha kwaya.

Mwaka 1997 ulikuwa mzito. Ulianza kwa ukame, na mwezi Januari serikali ikatangaza kwamba njaa ni janga la kitaifa. Hapa Ukambani maghala yalikuwa matupu. Mwezi Agosti ghasia zikazuka Likoni. Watu wenye asili ya bara walishambuliwa, nyumba zikachomwa, na wengi wakakimbilia makanisani. Ushirika mmoja wa Mombasa uliokuwa umezipokea baadhi ya familia hizo ukatualika twende tukaimbe na kuomba pamoja nao.

Wazazi kadhaa walikataa watoto wao wasiende Pwani. Mwishowe tulisafiri waimbaji 31. Pamoja nasi kulikuwa na mbuzi mmoja na gunia la ndengu la kilo 90. Gunia hilo lilijazwa na washirika wenyewe, nyumba hii gorogoro moja, nyumba ile nusu, katika mwaka ambao kila punje ilihesabiwa. Mchungaji aliviombea vitu hivyo mbele ya madhabahu. Havikuwa vyetu tena. Vilikuwa sadaka ya wale waliopoteza makao.

Mvua za El Niño zilikuwa zimeanza Oktoba. Tuliondoka Ijumaa alfajiri kwa lori la kukodi, tukapita Sultan Hamud, Emali na Makindu vizuri. Mbele ya Kibwezi tukakuta mafuriko yamekata barabara. Foleni ya malori na mabasi ilikuwa ndefu, na nyuma yetu magari yakazidi kufika. Tulilala hapo. Kufikia Jumamosi alasiri mikate na mayai tuliyobeba yalikuwa yamekwisha, na katika basi lililokuwa jirani nasi watoto walikuwa wakilia njaa.

Ndipo mabishano yakaanza. Mwalimu wa kwaya alisema gunia lifunguliwe, akakumbusha habari ya Daudi na mikate ya kuhani katika 1 Samweli 21. Mama mweka hazina alikataa. Alijibu kwamba Daudi alimwomba kuhani kwanza, nasi hatukuwa na wa kumwomba. Simu ya mkononi hatukuwa nayo, na waliotoa ndengu zile walikuwa wamejinyima. Wengine walimuunga mkono. Walikaa kimya kwa muda mrefu huku mvua ikinyesha. Kisha mama huyo akauliza, je, wale wa Likoni wangetuambia nini, wao ambao walipokimbia walilishwa na watu wasiowajua? Hakuna aliyejibu. Yeye mwenyewe akaifungua kamba ya gunia, akatoa daftari lake na kuandika: gorogoro 6, mbuzi 1. Daftari hilo bado limo katika kabati la kwaya.

Mvua ilipopungua, tulipanga mafiga ya mawe. Kuni zote zilikuwa zimelowa, kwa hivyo vijana walichanja matawi ya migunga mpaka wakafikia mti mkavu wa ndani, na dereva mmoja akatoa tambara lililochovywa dizeli ili moto ushike. Maji tulikinga kwenye turubai la lori. Bahati yetu ndengu huiva kwa muda wa kama saa moja bila kulowekwa. Lingekuwa gunia la mahindi na maharagwe, tungekesha. Madereva walileta sufuria zao, chumvi, vitunguu na mchele wa akiba. Mbuzi alichinjwa na utingo mmoja Mwislamu wa Mombasa, ili kila mtu aweze kula.

Watoto wa basi walipakuliwa kwanza, kisha wazee, kisha madereva. Waimbaji walikula mwisho, na baadhi yao walipata mchuzi tu. Ilikuwa miezi mitatu tu baada ya Likoni, na hapo gizani watu wa bara na watu wa Pwani walikuwa wakichota katika sufuria moja. Baadaye tuliimba mpaka moto ukafifia.

Jumapili barabara ilijazwa mawe na kifusi, magari yakapita moja moja. Tulifika Mombasa usiku, ibada imekwisha. Jumatatu asubuhi tuliziimbia zile familia. Kabla ya kukabidhi gunia, mama mweka hazina alisimama, akasoma daftari lake mbele ya wote na kueleza kila gorogoro ilikokwenda. Bibi mmoja aliyekuwa amepoteza nyumba yake aliuliza jambo moja tu: je, chumvi ilitosha?

Tangu safari hiyo tunabeba magunia mawili. La kwanza ni la wenyeji wetu na halifunguliwi. La pili huandikwa "la barabara", ni la yeyote tutakayemkuta njiani ana njaa. Lisipofunguliwa, hurudi nyumbani na kugawiwa wahitaji wa kanisa letu.

Leo baada ya ibada mtakaribishwa ndengu pamoja na chakula kingine. Gunia la barabara la safari ijayo liko stoo, bado halijajaa. Gorogoro moja au nusu, yote yatapokelewa na kuandikwa.