Kusema na Kusikilizwa: Historia ya Tiba ya Kiwewe nchini Rwanda

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi wa Rwanda yalianza Aprili 1994 na kudumu takriban siku mia moja, na yalipokomeshwa mwezi Julai yaliacha watu wenye majeraha ya nafsi yasiyohesabika katika nchi iliyokuwa na hospitali moja tu ya magonjwa ya akili. Hospitali hiyo, iliyoko Ndera kandokando ya jiji la Kigali, ilikuwa imefunguliwa mwaka 1972 na shirika la mabruda wa Kikatoliki lenye asili yake Ubelgiji, nayo haikusalimika, kwa kuwa Watutsi waliokimbilia humo wakitumaini kwamba kuta za hospitali zingewakinga waliuawa ndani yake. Wahudumu waliosalia walikuwa wachache, na wengi wao walikuwa wafiwa. Naasson Munyandamutsa, aliyekuwa akisomea tiba ya magonjwa ya akili mjini Geneva wakati jamaa zake wengi wakiuawa, alirejea nyumbani na kwa miaka kadhaa akawa daktari Mnyarwanda pekee wa fani hiyo nchini. Sehemu kubwa ya taasisi za afya ya akili zilizojengwa baadaye ilipita mikononi mwake kabla hajafariki mwaka 2016.

Ugonjwa ambao yeye na wenzake walikabiliana nao, mfadhaiko wa baada ya kiwewe, ulikuwa na umri mdogo katika vitabu vya tiba. Uliingizwa mwaka 1980 katika toleo la tatu la mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani, baada ya askari waliorudi kutoka vita vya Vietnam, pamoja na madaktari waliowaunga mkono, kudai kwa miaka mingi kwamba mateso yao hayakutokana na udhaifu wa tabia, bali na mambo waliyoyaona na kuyatenda. Kiwewe katika maana hii ni pigo linaloipata nafsi pale mtu anapokikaribia kifo au anaposhuhudia wengine wakiuawa au kudhalilishwa, na ugonjwa hutambuliwa iwapo dalili zake hazijapoa baada ya mwezi mmoja au zaidi. Tukio humrudia mgonjwa bila kuitwa, likija usiku kama jinamizi, au mchana kama kumbukumbu ambayo mwili huipokea kana kwamba jambo lenyewe linatendeka wakati huo. Kwa sababu hiyo hujitenga na mahali, watu na mazungumzo yanayoliamsha, hushtushwa na kishindo kidogo, hukosa usingizi, na mara nyingi hushindwa kuhisi upendo hata kwa watoto wake. Wanyarwanda wa kawaida waliita hali waliyoiona kwa ndugu zao ihahamuka, na madaktari Athanase Hagengimana na Devon Hinton, waliochunguza hali hiyo, walieleza kwamba dalili yake kuu ni kubanwa na pumzi kwa hofu, jambo ambalo orodha ya Kimarekani haikulipa uzito.

Juhudi za kwanza zilielekezwa kwa watoto. Mwaka 1995 serikali, ikisaidiwa na UNICEF, ilianzisha mjini Kigali kituo cha taifa cha kutibu kiwewe, na mwaka huohuo watoto na vijana 3,030 wenye umri wa miaka 8 hadi 19 walihojiwa, takriban miezi kumi na mitatu tangu mauaji yaanze. Asilimia 90 walisema waliamini kwamba wangekufa, na asilimia 15 walikuwa wameokoka kwa kujificha chini ya maiti. Mtafiti Atle Dyregrov wa Norway na wenzake, walipoyachapisha matokeo hayo mwaka 2000, walionyesha jambo lililostahili kuzingatiwa zaidi kuliko lilivyozingatiwa: watoto waliokuwa wakilelewa katika vituo walikuwa wamepatwa na mabaya mengi kuliko waliokuwa wakiishi katika jamii, lakini dalili zao za kiwewe zilikuwa hafifu zaidi. Ukubwa wa tukio, kwa hiyo, haukutosha kueleza ukubwa wa ugonjwa. Inaelekea kwamba kulala miongoni mwa wenzao waliopatwa na yaleyale, kula kwa saa zinazojulikana na kuwa na mtu mzima wa karibu vilifanya kazi ambayo nyumba nyingi, zilizojaa msiba na umaskini, hazikuwa na nguvu ya kuifanya.

Manusura wenyewe walilitambua hilo bila kusubiri utafiti. Wajane walianzisha chama chao, AVEGA, mwanzoni mwa mwaka 1995, na mwaka 1996 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Butare wakaunda AERG, umoja wa wanafunzi manusura, uliobuni utaratibu ambao pengine haukuwa na mfano wake mahali pengine. Wanachama waligawanywa katika familia, na kila familia ikamchagua kijana mmoja kuwa baba na msichana mmoja kuwa mama, ingawa wote walikuwa karibu rika moja. Wazazi hao waliochaguliwa walifuatilia masomo ya watoto wao, waliwauguza, waliwakemea walipokosea, na ilipofika siku ya posa au harusi walisimama mahali pa wazazi waliouawa, kwa kuwa mila inamtaka kijana asiposwe wala kuoa akiwa peke yake. Yatima aliyekuwa hana wa kumpokea wakati wa likizo akapata mlango wa kubisha. Utaratibu huo haukuitwa tiba, lakini ulirudisha kitu ambacho kiwewe hukiharibu kwanza, nacho ni imani ya mtu kwamba akianguka yupo atakayemwinua.

Kila mwaka ifikapo tarehe 7 Aprili, maombolezo ya kitaifa yalifunua kina cha jeraha. Mwaka 2004, katika kumbukumbu ya mwaka wa kumi, wanafunzi wa shule kadhaa walipatwa na kiwewe kwa pamoja, mmoja akipiga yowe na wengine wakimfuata, wakikimbia au kujificha kana kwamba wauaji wamerudi, wakiwemo vijana ambao mwaka 1994 walikuwa wadogo mno. Kwa uzoefu huo ulijengwa utaratibu wa kuweka wahudumu kila mahali pa maombolezo. Katika Uwanja wa Amahoro mjini Kigali, sauti ya mwombolezaji ilipobadilika na kuwa kilio kisichozuilika, wahudumu waliovaa vizibao vya kuwatambulisha walimbeba mpaka chumba cha pembeni chenye magodoro, wakamlaza, wakamshika mkono, wakampa maji, na wakamwita kwa jina lake wakimkumbusha mwaka aliomo na mahali alipo, mpaka pumzi ikatulia.

Jaribio kubwa zaidi la kuwafanya watu waseme lilikuwa mahakama za gacaca, yaani mabaraza ya vijiji yaliyotokana na desturi ya kale ya kusuluhisha ugomvi hadharani, ambayo serikali iliyapa mamlaka ya kuhukumu washukiwa wa mauaji ya kimbari. Yalianza kwa majaribio mwaka 2002, yakaenea nchi nzima mwaka 2005, na hadi yalipofungwa Juni 2012 yalikuwa yamesikiliza kesi zinazokaribia milioni mbili, kazi ambayo mahakama za kawaida zisingeimaliza kwa vizazi kadhaa. Wengi walitarajia kwamba ukweli ukitamkwa mbele ya majirani ungeponya. Mtafiti Karen Brounéus wa Sweden aliwahoji wanawake manusura 16 waliotoa ushahidi, nao wakamweleza habari za vitisho, upweke na kuzidiwa na maumivu. Baadaye, katika uchunguzi wa Wanyarwanda 1,200 uliochapishwa mwaka 2010, alikuta kwamba waliowahi kutoa ushahidi walikuwa na sonona na dalili za kiwewe kwa kiwango kikubwa zaidi kuliko wasiowahi. Matokeo hayo hayafuti haki iliyotendeka, na miili mingi iliyozikwa maziko ya heshima ilipatikana kwa sababu ya maungamo ya gacaca. Hata hivyo, mwanamke aliyesimama mbele ya aliyewaua wanawe, mbele ya ndugu wa muuaji huyo, akasema mara moja na kisha kurudi peke yake katika nyumba inayopakana na yao, alikuwa amebebeshwa mzigo ambao taifa lilipaswa kumsaidia kuubeba.

Tofauti inaonekana wazi kusini magharibi mwa Uganda, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambako wanasaikolojia wa Ujerumani wakiongozwa na Frank Neuner waliwafunza wakimbizi wenyewe, wasio na shahada ya udaktari, kutoa tiba ya kusimulia. Katika tiba hiyo maisha ya mgonjwa hulazwa sakafuni kwa kamba, tangu kuzaliwa, mawe yakiwekwa palipotokea mabaya na maua palipotokea mema, kisha katika vikao vinavyofuata kila jiwe husimuliwa polepole, na msikilizaji huandika simulizi yote na kuisoma tena mpaka kilichokuwa vipande vya hofu kipate mwanzo, mwisho na mahali pake katika wakati uliopita. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia ulionyesha kwamba asilimia 70 ya waliopata tiba hiyo hawakuwa tena na vigezo vya ugonjwa, na asilimia 65 ya waliopata ushauri nasaha wa kiwewe vilevile, ikilinganishwa na asilimia 37 ya waliofuatiliwa tu. Mawe yaliyosimuliwa Nakivale hayakuwa mepesi kuliko yaliyotajwa katika gacaca. Msimuliaji ndiye aliyepewa muda, faragha na msikilizaji asiyeondoka.

Ndani ya Rwanda njia iliyoenea zaidi ilianzia Byumba, kaskazini, mwaka 2005, katika dayosisi ya Kianglikana, chini ya Cora Dekker wa Uholanzi aliyekuwa na ujuzi wa tiba ya pamoja, mkondo ulioanzia katika hospitali za askari wa Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Watu kumi hadi kumi na tano wa eneo moja, mjane wa mauaji pamoja na mke wa mfungwa, hukutana mara moja kwa wiki kwa muda wa wiki kumi na tano, wakiongozwa na wanajamii wenzao wawili, na huanza kwa kujenga usalama, kisha kuaminiana, kutunzana na kuheshimiana, huku kumbukumbu za maovu zikiachwa mpaka hatua ya mwisho. Wanyarwanda wameiita Mvura Nkuvure, yaani niponye nami nikuponye. Washiriki waliochunguzwa walionekana kuwa na nafuu kuliko wasioshiriki hata baada ya miezi minane.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 uliuona mfadhaiko wa baada ya kiwewe kwa asilimia 3.6 ya wananchi kwa jumla, lakini miongoni mwa manusura ukafikia karibu asilimia 28, robo karne baadaye. Vikundi vya Byumba vimekwisha kuvuka mipaka ya kazi iliyovianzisha, na katika miaka ya karibuni vimerekebishwa kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo walioko Rwanda na Uganda, ambao wengi wao hutumia Kiswahili na ambao vita vilivyowakimbiza bado havijaisha.