Fildi: Kwa nini mwanafunzi wa Cincinnati alilipwa, na wewe unakopa?

Kama umesoma uhandisi hapa Tanzania, neno fildi unalijua kuliko unavyoijua kanuni ya Bernoulli. Wengine wanaita PT. Likizo ndefu ikikaribia unaanza kuzunguka na bahasha ya kaki yenye barua ya chuo, geti hadi geti, ukiomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo kwa wiki 8. Ukibahatika unapokelewa. Ukibahatika zaidi, unapewa cha kufanya.

Mimi nilipokelewa Arusha, nikapanga chumba Sokon I. Asubuhi nilikwenda "kazini", ambako kwa wiki tatu za kwanza nilikuwa bingwa wa kufuata chapati na kupanga mafaili. Jioni nikirudi nilipita kwenye banda la fundi wa mashine za kusaga nafaka. Siku moja akaniuliza, "Dogo, unasomea nini hasa?" Nikamwambia uhandisi mitambo. Akanipa uzi. Akasema niuvute kutoka puli ya mota hadi puli ya kinu, niangalie kama unalala sawa kwenye kingo za puli zote mbili. Haukulala. Puli moja ilikuwa imekaa ndani kidogo, labda unene wa sarafu mbili.

"Ndiyo maana beringi inakufa kila mwezi," akasema. "Mwenye mashine anadhani anauziwa feki."

Msomaji, mimi darasani nilikuwa nimejaza kurasa mbili nikikokotoa mzigo unaoelemea beringi. Sikuwahi kujiuliza ule mzigo wa pembeni unatoka wapi. Unatoka hapo: mkanda unaovuta upande. Lakini logibuku yangu ilitaka sahihi ya msimamizi na muhuri wa kampuni, na fundi hana muhuri. Wiki ile nikaandika: "Kupanga nyaraka za idara."

Hiyo ndiyo iliyonifanya nitake kujua huu utaratibu ulianzia wapi, na ulikusudiwa uweje.

Kumfundisha kijana kazini ni jambo la kale. Wahunzi na mafundi wa majahazi wa pwani walikuwa na wanagenzi kabla ya chuo chochote. Kilicho kipya ni kumtoa mwanafunzi wa chuo kikuu darasani, kumpeleka kiwandani, kisha kumrudisha, kwa ratiba. Anayetajwa zaidi ni Herman Schneider, mhandisi Mmarekani. Akiwa anafundisha Chuo Kikuu cha Lehigh alitambua kwamba wahitimu waliofanya vizuri wengi walikuwa wamewahi kufanya kazi wakisoma. Akahamia Chuo Kikuu cha Cincinnati, akapigania wazo lake, na mwaka 1906 akaruhusiwa kulijaribu. Inasimuliwa kwamba bodi ilimpa mwaka mmoja tu, na ikaweka wazi kwamba likifeli wao hawamo.

Alianza na wanafunzi 27. Utaratibu wenyewe ulikuwa wa akili sana. Waligawanywa wawili wawili: wiki hii mmoja yuko darasani na mwenzake kiwandani, wiki ijayo wanabadilishana. Kwa hiyo kwenye mashine ile kulikuwa na mtu wakati wote. Mwenye kiwanda hakupokea mgeni wa wiki 8 anayeondoka akianza kuelewa. Alipata mfanyakazi, na alimlipa. Cincinnati wakati huo ulikuwa mji wa viwanda vya kutengeneza mashine za kukereza na kukata vyuma, na mafundi walihitajika. Ukiniuliza mimi, ugunduzi wa Schneider haukuwa kwamba vitendo ni vizuri. Hilo kila mtu analisema. Ugunduzi wake ulikuwa kumpa mtu wa kiwandani sababu ya kukufundisha.

Sasa turudi nyumbani. Mtanzania wa miaka ya 1960 aliyetaka shahada ya uhandisi ndani ya Afrika Mashariki alikwenda Nairobi. Kwetu Arusha ni kuvuka Namanga tu. Kitivo chetu cha uhandisi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilianza mwaka 1973 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi. Mwaka uliofuata likaja Azimio la Musoma, lililotaka vijana wafanye kazi kwanza ndipo waingie chuo kikuu. Halafu mwaka 1978 Wajerumani hao hao wakashirikiana na serikali kufungua chuo cha ufundi hapa Arusha, ambacho leo ni Chuo cha Ufundi Arusha, ATC. Wanatoka nchi ambayo kijana anayesomea ufundi hugawa wiki yake kati ya shule na kampuni, na kampuni inamlipa.

Kwa nini ATC iwekwe Arusha? Tazama jirani zake wa wakati ule. Kulikuwa na General Tyre ya matairi, iliyoanza uzalishaji mwanzoni mwa miaka ya 1970, serikali ikiwa na hisa nyingi. Kulikuwa na Kilitex ya nguo. Muda si mrefu zikaja TEMDO ya kusanifu mitambo na CAMARTEC ya zana za kilimo. Huo ni mji ambao mwanafunzi angeweza kwenda fildi kwa miguu.

Na hapa kuna jambo ambalo huwa tunalisahau tukilalamika kuhusu mashirika ya umma (nami nalalamika, usinielewe vibaya). Serikali ndiyo iliyokusomesha, na ndiyo iliyokupangia kazi ukimaliza. Mara nyingi ndiyo pia iliyokuwa na kiwanda. Meneja aliyempokea mwanafunzi alikuwa anamwandaa mtu ambaye huenda angerudishiwa miaka miwili baadaye kama mhandisi wake. Si mshahara wa Cincinnati, lakini sababu ya kufundisha ilikuwepo.

Miaka ya 1990 mashirika yakauzwa au yakafungwa. Kilitex ikanyamaza. General Tyre ikajikokota hadi mwishoni mwa miaka ya 2000, mitambo ikasimama. Ajira za kupangiwa zikaisha. Vyuo vikaongezeka, wanafunzi wakaongezeka, na kile kipengele cha wiki 8 kikabaki kwenye mtaala kama kilivyokuwa. Mguu mmoja wa ngazi uliondolewa, sisi tukaendelea kupanda.

Leo anayekupokea hajui kama atakuona tena. Kwake wewe ni kiti cha ziada ofisini na mtu wa kuulizwa akikatwa kidole. Na nani analipa? Ukiwa mnufaika wa Bodi ya Mikopo, mafunzo kwa vitendo ni kipengele mojawapo cha mkopo wako. Soma hilo tena taratibu. Mwanafunzi wa mwaka 1906 alilipwa na kiwanda. Wewe unakopa hela ili ukafanye kazi, na utakatwa kwenye mshahara, ukiupata.

Bodi ya Usajili wa Wahandisi iliona pengo hili, na tangu mwaka 2003 ina mpango wa miaka mitatu wa kumweka mhitimu chini ya mhandisi mzoefu. Ni mpango mzuri, ila unakukuta umeshamaliza shahada.

Kwa upande wa fundi nako kuna kinachosogea. VETA siku hizi inawapima mafundi waliojifunzia mtaani na kuwapa vyeti vya ujuzi walio nao. Nilipopita tena Sokon I nikamuuliza fundi wangu kama ameshaomba. Akasema anafikiria, ila mwezi huo alikuwa na vinu vitatu vinamsubiri, na chalii aliyekuwa anamsaidia ameondoka kwenda chuo.

"Kusomea nini?" nikauliza.

"Umeme. Kesho kutwa utamwona anazunguka na bahasha."