Trauti wa Gura: samaki mgeni katika maji ya Nyandarua

Mwanzoni mwa karne ya 20 hapakuwa na trauti hata mmoja katika mito ya Kenya. Maji yenyewe yalikuwepo, tena ya baridi kali. Yalichuruzika kutoka vinamasi vya juu ya milima ya Nyandarua, yakaporomoka kwenye magenge, yakapita katikati ya mianzi na mierezi hadi yakafika mashambani Nyeri. Ndani yake walikuwemo kaa, mabuu ya wadudu na vyura, na sehemu za chini samaki wadogo wa kienyeji wanaojibana kwenye mawe wasichukuliwe na mkondo. Wagikuyu walioishi kwenye miteremko hiyo hawakuwa na desturi ya kula samaki. Kwao mto ulikuwa maji ya kunywa na ya mifugo, na ulikuwa pia mpaka kati ya kigongo kimoja na kingine.

Mwaka 1905 Ewart Grogan, mlowezi Mwingereza, alileta mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Scotland, na vifaranga wake wakatiwa katika mto Gura. Grogan alikuwa tayari na jina. Kati ya mwaka 1898 na 1900 alisafiri kutoka kusini mwa Afrika hadi Cairo, sehemu kubwa ya njia kwa miguu, kisha akaja kuishi Kenya mwaka 1904 na kuanza kujitwalia ardhi na misitu. Walowezi wa aina yake walitaka nyanda za juu zifanane na kwao: ng'ombe wa kwao, waridi wa kwao, farasi wa mashindano, na mtoni samaki wa kwao.

Kusafirisha mayai ya trauti haikuwa kazi ya mchezo. Yai la trauti hukua kufuatana na joto la maji. Maji yakiwa na nyuzi 10 za Selsiasi, yai la trauti wa kahawia huchukua kama wiki sita kuanguliwa. Yakiwa karibu na kuganda, ukuaji huenda polepole sana. Siri hiyo ndiyo iliyowawezesha Waingereza kufikisha mayai Tasmania mwaka 1864, baada ya majaribio kadhaa kushindikana. Waliyapanga katikati ya kuvumwani mbichi ndani ya visanduku, wakavizungushia barafu, yakakaa melini miezi mitatu na baadhi yakafika yakiwa hai. Njia ya kuja Mombasa ilikuwa fupi zaidi, lakini meli zilizopitia Mfereji wa Suez zilikatiza Bahari ya Shamu, na joto la huko halina huruma kwa barafu. Kutoka Mombasa palikuwa na reli. Kutoka kwenye reli hadi Gura hapakuwa na barabara ya gari, na mzigo ulipanda mlima vichwani mwa wapagazi. Vitabu vinamtaja Grogan kwa jina na cheo. Watu waliopanda na kushuka magenge yale wakichunga maji yasimwagike na yasipate joto wanatajwa kwa jumla tu, kwamba walikuwa wapagazi.

Nalisema hili kwa sababu historia ya trauti Kenya imezoeleka kusimuliwa kama kisa kizuri cha mtu mmoja jasiri na mapenzi yake ya uvuvi. Mtu huyo huyo, Machi 1907, aliwachapa viboko hadharani, mbele ya mahakama ya Nairobi, vijana wa Kikuyu waliokuwa wakivuta riksho, kwa madai kwamba waliwakosea adabu wanawake wa Kizungu. Alihukumiwa kifungo cha mwezi mmoja. Huwezi kumtenganisha aliyetia samaki mtoni na aliyeshika kiboko, maana fikra iliyokuwa nyuma ya matendo yote mawili ni moja: kwamba nchi ile ilikuwa mali yao, waipange watakavyo.

Mwaka 1910 akaja trauti wa pili, wa upinde wa mvua, kutoka Afrika Kusini. Huyu asili yake si Ulaya. Ni samaki wa mito inayoingia Bahari ya Pasifiki, kuanzia Amerika ya Kaskazini hadi Kamchatka, wa ukoo mmoja na samoni wa huko. Ubavuni ana mstari wa rangi ya waridi, na yule wa kahawia ana madoadoa meusi na mekundu. Wa upinde wa mvua hustahimili joto kidogo zaidi, hukua haraka na ni rahisi kumfuga, na ndiye aliyeenea zaidi: Mlima Kenya, Mau, Cherangani, upande wa Kenya wa Mlima Elgon. Upande wa Tanganyika, Waingereza walitia trauti katika mito ya Kilimanjaro na ya Nyanda za Juu Kusini. Baadaye Ethiopia nayo ilipata trauti wa milima ya Bale kutoka Kenya.

Pamoja na samaki zikaja kanuni. Palikuwa na leseni, palikuwa na kimo cha samaki wa kuruhusiwa kuchukuliwa, na katika maji mengi chambo pekee kilichokubalika kilikuwa nzi bandia: ndoana ndogo iliyofungwa manyoya na uzi mpaka ifanane na mdudu. Kimojawapo, cheusi, kinajulikana na wavuvi wa nje kwa jina la Kenya Bug. Kanuni hizo zilikuwa na maana kwa uhai wa samaki, sikatai. Lakini mtoto wa Tetu au Mathira, huko Nyeri, aliyetumbukiza mnyoo kwenye ndoana, katika mto uliopita chini ya shamba la babu yake, alihesabiwa mhalifu, na nafasi iliyobaki kwa kijana Mwafrika katika mchezo huo ilikuwa kubeba mkoba wa bwana na kumwonyesha njia.

Sagana ulikuwa mmoja wa mito hiyo. Koloni lilimjengea Malkia Elizabeth, akiwa bado binti mfalme, nyumba kando ya maji yake kama zawadi ya ndoa. Hapo ndipo alipopashwa habari ya kifo cha baba yake tarehe 6 Februari 1952, baada ya kulala usiku uliotangulia katika hoteli ya Treetops. Oktoba mwaka huo huo serikali ya koloni ilitangaza hali ya hatari ili kupambana na wapigania uhuru. Misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya ikawa eneo la vita na marufuku kwa raia, ndege za Uingereza zikaimwagia mabomu, na kwenye vyanzo vya mito ile ile ya trauti wapiganaji walioongozwa na Dedan Kimathi wakajificha, wakinywa maji yake na kulala kwenye mianzi yake. Kimathi alikamatwa karibu na Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956.

Kabla ya vita hivyo, mwaka 1948, kilikuwa kimeanzishwa kituo cha samaki cha Kiganjo, karibu na Nyeri. Miaka hiyo mtafiti V. D. van Someren alifanya kazi iliyozaa kitabu chake cha mwaka 1952 kuhusu baiolojia ya trauti katika koloni la Kenya. Na Kiganjo ndipo ilipotulia kazi ambayo wafanyakazi Waafrika waliijua kwa mikono yao, wakaiendeleza baada ya uhuru.

Kazi yenyewe inastahili kutazamwa kwa karibu. Jike aliyekomaa hushikwa kwa kitambaa, kichwa juu, mkia chini, na tumbo lake hukamuliwa taratibu kwa kidole gumba kuelekea mkiani. Mayai hutoka kama uzi wa shanga za rangi ya machungwa na kuangukia kwenye beseni kavu. Beseni lazima liwe kavu, kwa sababu yai likigusa maji tundu lake dogo la kupitishia mbegu hujifunga upesi, na mbegu za dume nazo ndani ya maji huishiwa nguvu katika muda wa dakika moja hivi. Kwa hiyo dume hukamuliwa juu ya mayai, vyote viwili huchanganywa polepole, mara nyingi kwa unyoya, kisha ndipo maji hutiwa. Mayai huoshwa na kupangwa kwenye trei zinazopitiwa na maji baridi mfululizo, gizani. Yaliyokufa hugeuka meupe na hutolewa moja moja kabla kuvu halijaenea. Siku zikipita, ndani ya kila yai huonekana nukta mbili nyeusi. Hayo ni macho. Kifaranga akitoka hubeba chakula chake mwenyewe, kifuko cha kiini chini ya tumbo, na halishwi kitu mpaka kifuko kikaribie kwisha.

Bila kazi hiyo maziwa ya juu ya Mlima Kenya yasingeweza kuwa na trauti kwa muda mrefu. Rutundu, lililo kwenye mita 3,100 hivi, Alice lililo juu zaidi, na Ellis la upande wa Chogoria yalikuwa maziwa yasiyo na samaki kabla ya kupandikizwa. Trauti hutaga katika changarawe safi yenye maji yanayotembea. Jike huchimba kwa mkia wake, hutaga, kisha hufukia. Ziwa lisilo na kijito kinachofaa humlisha samaki vizuri lakini halimpi mahali pa kuzalia, hivyo wakivuliwa wakaisha, lazima waletwe wengine kutoka bondeni.

Uvuvi wa huko juu ni wa kungoja. Alfajiri barafu nyembamba huwa imeshika majani ya ukingoni, na ukungu hufunga na kufungua ziwa kama upendavyo. Upepo ukituama, samaki hupanda kuokota wadudu na kuacha duara moja moja usoni mwa maji. Mvuvi huinua ufito, huuacha mshipi ujinyooshe nyuma yake, kisha huutupa mbele ili nzi bandia atue kabla uzi haujapiga maji. Akitua kwa kishindo, trauti wa maji maangavu kiasi kile ameshaondoka. Wakati mwingine siku nzima hupita bure. Rutundu lilivuma duniani mwaka 2010, William wa Uingereza alipomchumbia Kate Middleton huko, na tangu hapo watalii wengi wanalijua zaidi kwa uchumba kuliko kwa samaki.

Je, ilikuwa sawa kuwatia samaki hao? Shirika la kimataifa la hifadhi ya maumbile, IUCN, limeweka trauti wote wawili, wa kahawia na wa upinde wa mvua, katika orodha yake ya viumbe 100 wavamizi wabaya zaidi duniani. Katika milima ya Sierra Nevada, California, trauti waliopandikizwa kwenye maziwa yasiyo na samaki walikula viluwiluwi mpaka vyura wa milimani wakatoweka mahali pengi. Walipoondolewa katika baadhi ya maziwa, vyura walirudi na kuongezeka. Mimi nawapenda samaki hawa, na bado nasema ziwa la mlimani ambalo halijawahi kuwa na samaki liachwe hivyo hivyo. Mito ya Gura na Sagana haiwezi tena kurudishwa ilivyokuwa mwaka 1904, lakini maziwa na vijito visivyoguswa bado vinaweza kuachwa.

Baada ya uhuru samaki mgeni alianza kupata wenyeji. Ulaji wa samaki uliingia Mlima Kenya polepole, kupitia shule, jeshi, miji na ndoa, na mpango wa serikali wa mabwawa ulioanza mwaka 2009 ukausukuma mbele, ingawa mabwawa mengi yalikuwa ya tilapia na kambale. Trauti alibaki wa wachache, kwa sababu anahitaji maji yanayotembea na baridi mchana na usiku. Maji yakikaribia nyuzi 25, huwa ni kufa na kupona. Hata hivyo, kwenye mto Burguret, si mbali na Nanyuki, kuna mkahawa uliojengwa ndani ya mti wa mugumo juu ya mabwawa ya trauti. Anayevuliwa hapo chini huliwa hapo juu, na mlaji mara nyingi ni familia ya Nanyuki au Nyeri iliyokuja kutembea Jumapili.

Kinachonitia wasiwasi ni mto wenyewe. Mwanamazingira Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe chini ya Nyandarua, alieleza jinsi utotoni alivyocheza na mayai ya vyura katika kijito cha kwao akiyadhania shanga, na jinsi alivyorudi baadaye akakuta kijito kimekauka. Aliyasema hayo hata alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Mito ya magharibi ya Mlima Kenya, kama Burguret na Naro Moru, inavutwa na mashamba ya umwagiliaji kiasi kwamba wakati wa kiangazi wafugaji wa chini, kwenye Ewaso Ng'iro, hubaki na mchanga. Vyama vya watumiaji maji vilivyotokana na sheria ya mwaka 2002 vimejitahidi kugawa maji kwa zamu. Uzio wa umeme wa kilomita zipatazo 400 uliokamilika mwaka 2009 kuzunguka Nyandarua umepunguza uharibifu wa msitu. Lakini ukishuka nje ya uzio, viazi na napia vimelimwa mpaka ukingoni, na mvua moja kubwa hugeuza mto kuwa tope. Tope hilo huziba changarawe, na mayai yaliyofukiwa humo hukosa hewa.

Kwa hiyo maombi yangu kwa kaunti za Nyeri, Meru, Kirinyaga, Laikipia na Tharaka-Nithi ni mawili. Simamieni ukanda wa kingo za mito ambao kanuni tayari zimeutenga, hata ule wa chini kabisa wa mita 6, na wasimamizi wawe wakulima wa pale pale. Na vijana wa vijiji vya ukingoni wapewe leseni ya kuvua kwa bei wanayoimudu, wafundishwe kutupa nzi, kukamua mayai na kupima joto la maji, maana anayeruhusiwa kuvua mtoni ndiye atakayekuwa wa kwanza kupiga simu mto ukibadilika rangi.