Reli ya kahawa iliyobeba mkonge

Tangu mwaka 2020, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipoanza kuupigia debe mkonge na serikali ikaweka lengo la tani 120,000 ifikapo 2025, mkoani Tanga zao hilo husimuliwa kana kwamba Wajerumani walikuja kwa ajili yake. Walikuja na kahawa vichwani.

Mwaka 1891 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kupanda kahawa Derema, Usambara Mashariki. Reli ikaanza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Muheza 1896 na Korogwe 1902. Ilikuwa imechelewa. Udongo wa msitu uliooshwa na mvua ulichoka upesi, magonjwa yakaingia, na Brazil ilikuwa imejaza masoko ya dunia hadi bei ikaporomoka.

Mkonge ulikuwa umekwisha kuingia kimyakimya. Wazee hupenda kisa cha Dakta Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, kuutorosha kutoka Mexico ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa. Kinachojulikana hakina mamba: aliagiza miche 1,000 kutoka Florida ikapitia Hamburg, na mwaka 1893 ikafika 62 tu ikiwa hai.

Mamba huyo amepata sifa kupita kiasi. Shamba halikuwa na shida ya miche, lilikuwa na shida ya watu. Mwanahistoria John Iliffe, ninayemtegemea hapa, anaeleza jinsi wilaya ya Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, ilivyoanza mwaka 1907 kumpa kila mwanamume Mwafrika kadi. Kila miezi minne alitakiwa kufanya kazi siku 30 kwa mzungu kwa ujira uliopangwa, la sivyo apelekwe kazi za serikali. Msambaa mwenye mahindi na ndizi zake hakuwa na sababu ya kushuka bondeni. Kadi ndiyo iliyompa sababu. Kipande, yaani kadi ya kuhesabu siku za kazi, kikadumu chini ya Waingereza, na manamba, vibarua wa mkataba, wakaletwa kutoka mbali, Wabena, Waha, Wamakonde, kukata majani na kuhudumia korona, mashine ya kusindika majani hayo. Wajukuu wao wamejaa Korogwe na Handeni, na sijaona hotuba ya kufufua mkonge inayowataja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika iliongoza duniani kwa mkonge, na Kabuku, Handeni, ukajaribiwa mradi wa kuwapa wakulima mashamba yao wenyewe. Mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa, kamba za plastiki zikashusha bei, mapori yakarudi.

Milimani Korogwe, Ambangulu na Dindira, sasa ni chai. Tambarare, Hale, Magoma na Ngombezi, wakulima wadogo hupeleka majani korona kusindikwa. Kabla ya kuhesabu tani, Bodi ya Mkonge ingetangaza wazi: katika singa, yaani nyuzi za mkonge, inayouzwa, mkulima anabaki na kiasi gani.