Riwaya za Kiingereza za Karne ya Kumi na Tisa kwa Mfuatano wa Miaka

Riwaya za Kiingereza za karne ya kumi na tisa husomwa aghalabu kwa kufuata mwandishi mmoja mmoja, au kwa kufuata maudhui. Makala haya yanatetea njia ya tatu, yaani kuzisoma kwa mfuatano wa miaka ya kuchapishwa. Njia hiyo hudhihirisha jinsi umbo la riwaya lilivyotawaliwa na biashara ya vitabu.

Kwanza yatupasa kutenga mwaka wa kuandikwa, wa kuchapishwa, na wa matukio yanayosimuliwa. Northanger Abbey ya Jane Austen iliuzwa kwa mchapishaji mwaka 1803, lakini haikutoka hadi mwishoni mwa 1817, mwandishi akiwa amekwisha kufariki. Middlemarch ya George Eliot, iliyotoka 1871-72, yasimulia mambo yaliyotangulia sheria ya uchaguzi ya 1832. Anayeipanga kwa matukio yake husahau kwamba iliandikwa na mtu aliyekwisha kuiona pia sheria ya 1867.

Tukiufuata uchapishaji, twaona kwamba Kenilworth ya Walter Scott ilitoka mwaka 1821 katika juzuu tatu, kwa shilingi 31 na peni 6. Bei hiyo ikawa kanuni. Walioweza kuilipa walikuwa wachache. Wengi waliazima, hasa baada ya Charles Mudie kuanza kuazimisha vitabu kwa malipo mwaka 1842. Kwa mwenye maktaba, juzuu tatu za riwaya moja ziliweza kuwa mikononi mwa wasomaji watatu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mwandishi alilazimika kurefusha. Dickens alishika njia nyingine: kuanzia 1836, Pickwick iliuzwa kwa sehemu za kila mwezi, kila sehemu shilingi moja. Mwaka 1894 maktaba kubwa zilikataa kuendelea na bei ya juzuu tatu, na umbo hilo likatoweka upesi.

Jambo hili latuhusu sisi wa Kiswahili. Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri za Frederick Johnson na wenzake zilizotoka 1929, zilitokana na vitabu vya 1883 na 1885, vya juzuu moja moja na vya safari za hatari. Hivyo msomaji wetu aliingia katika nyumba hii kwa mlango wa uani. Hata hivyo, wako wahakiki wanaoilaumu riwaya ya Kiswahili kwa ufupi wake, wakiipima kwa vitabu ambavyo urefu wake ulidaiwa na maktaba za London.

Lawama hiyo haina msingi wa kihistoria. Yafaa basi mihtasari ya idara zetu ionyeshe, kando ya jina la kila riwaya, mwaka iliyotoka, idadi ya juzuu au sehemu zake, na bei yake, ndipo ulinganishi uanze.