Nani Ameuza Aibu? Upasuaji wa Urembo katika Mapokeo ya Kikristo

Hoja inayosikika zaidi mimbarini dhidi ya upasuaji wa urembo ni fupi: Mungu amekuumba hivyo, wewe ni nani hata usahihishe kazi yake? Ni hoja kongwe. Sipriani, askofu wa Karthago katika karne ya tatu, aliwaonya wanawake waliojipaka rangi usoni na kubadili rangi ya nywele kwamba siku ya ufufuo huenda Muumba asiwatambue. Kabla yake Tertuliano, wa mji huohuo, alikwisha kuandika kitabu kizima kukemea mapambo ya wanawake. Walikuwa wakizungumzia wanja na rangi; kisu hakikuwamo katika mjadala wao.

Tatizo la hoja hii ni kwamba haijui pa kukomea. Ikiwa kila umbo alilozaliwa nalo mtu ni agizo lisiloguswa, basi mtoto mwenye mdomo sungura abaki nao, na hospitali ya CCBRT pale Dar es Salaam iache kuwapasua watoto hao. Sijamsikia mchungaji hata mmoja akimwambia hivyo mama wa mtoto.

Mapokeo yenyewe yalikuwa makini kuliko mahubiri yetu. Kanuni ya kwanza ya Mtaguso wa Nikea, mwaka 325, inasema kwamba aliyehasiwa na matabibu kwa sababu ya ugonjwa anaweza kubaki katika daraja takatifu, lakini aliyejihasi akiwa mzima aondolewe. Mwilini matokeo ni yaleyale. Maaskofu walitazama sababu. Katika karne ya 13 Tomaso wa Akwino, akijadili mapambo ndani ya Summa Theologiae, alimsoma Sipriani huku akimpunguza makali: kujibandika uzuri usio nao ni jambo moja, na kuficha dosari iliyoletwa na maradhi ni jingine, tena halali. Tarehe 4 Oktoba 1958, siku tano tu kabla ya kufariki, Papa Pio XII aliwahutubia wapasuaji wa Italia katika mkondo huohuo. Uzuri wa mwili ni jambo jema, alisema, ingawa si jema lililo juu ya yote. Upasuaji unaruhusiwa nia ikiwa nyofu, hatari zikiwa zimepimwa na sababu zikiwa za maana. Alichokataa ni kubadili sura ili kuzidisha nguvu ya kushawishi watu katika dhambi, au kumficha mhalifu asikamatwe na sheria.

Wapo wanaotaka mpaka rahisi zaidi: kurekebisha ni halali, kurembesha ni haramu. Historia ya eneo letu inawapa taabu. Shirika la afya la AMREF, lililoanzishwa mwaka 1957, ni wazo la wapasuaji watatu wa fani hiihii waliokutana kwenye miteremko ya Kilimanjaro: Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees. McIndoe alikuwa amejenga upya nyuso za marubani wa Uingereza walioungua katika Vita vya Pili vya Dunia. Rees alijipatia jina New York kwa upasuaji wa urembo. Ujuzi ni mmoja, na mara nyingi hata operesheni ni moja. Mwanamke anayepunguzwa matiti yanayomuumiza mgongo amerekebishwa au amerembeshwa? Na yule anayejengewa titi baada ya saratani?

Kwa hiyo tunarudi kwenye nia, na hapa ndipo ninapotofautiana kidogo na Pio XII. Kipimo cha nia kinamhoji mgonjwa peke yake. Binti anayetaka pua yake ichongwe, au anayejichubua kwa mkorogo kabla ya harusi, mara nyingi hataki kumdanganya wala kumtega mtu. Anataka kupumzika na aibu. Nia yake ni safi, na hilo ndilo linalonitisha, kwa maana aibu hiyo hakuzaliwa nayo. Ameipata kwa shangazi aliyesifu weupe wa bibi harusi, kwa mwajiri anayechagua sura ya kukaa mapokezi, na kanisani pia, ambako ukutani juu ya altare Yesu wa Nazareti amechorwa kama kijana wa Ulaya. Tanzania, Kenya na Rwanda zimepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, lakini hakuna sheria inayoweza kuipiga marufuku sifa ya shangazi.

Jibu la kwamba basi ajikubali tu lina ubaridi wake. Hulitoa kwa wepesi mtu ambaye hajawahi kuchekwa. Habari ya nabii Samweli akichagua mfalme kati ya wana wa Yese, na kuambiwa asitazame sura, hunukuliwa kumfariji aliyeonekana duni, ilhali katika simulizi yenyewe anayekemewa ni Samweli, yaani mtazamaji. Tumeligeuza karipio la anayetazama kuwa mzigo wa anayetazamwa.

Sisemi kila operesheni ibarikiwe. Kulala chini ya nusukaputi kwa ajili ya makalio, kwa fedha za mkopo, huku watoto wakisubiri ada, ni kosa la uwakili ambalo Mkristo anapaswa kuambiwa waziwazi. Lakini sinodi na mabaraza ya maaskofu yanayofikiria kuandika waraka juu ya jambo hili yawahutubie kwanza wachumba, wakwe, waajiri na viongozi wa kwaya wanaopanga nani asimame mstari wa mbele. Mwanamke aliye kwenye meza ya upasuaji awe wa mwisho kukemewa.